Shati la Kupokelea Posa

"Hivi Mama Digna, yule shemeji yako, mashati anayonunua anamnunulia nani?"

Swali hilo aliliuliza jirani, Agness wa ng'ambo ya mfereji, Jumapili moja baada ya misa ya pili, walipokuwa wamesimama nje ya kanisa wakisubiri jua lipoe ndipo waanze kupanda kwenda nyumbani. Mbele yao alikuwa akipita Filbert, mdogo wake marehemu Martin, kifua mbele, amevaa shati la mistari lililomkamata kama mgambo aliyekamata mwizi. Kati ya kifungo na kifungo palikuwa na dirisha, na katika kila dirisha fulana ilichungulia nje kama mtoto aliyefungiwa ndani.

Mama Digna, yaani Mektrida, mjane wa Martin, alikaza kitenge kiunoni. Alikuwa ametoka kupokea komunyo muda si mrefu, na hakutaka Mgeni aliyeingia kinywani mwake akute maneno ya namna ile. Alisema tu, "Twende, Agness, mlima haupungui kwa kuutazama." Lakini moyoni alikuwa amekwisha kujibu. Filbert alikuwa anamnunulia mashati mtu mmoja anayeitwa Filbert, ambaye Mungu hakuwahi kumuumba.

Siku za soko Filbert aliteremka Kiboriloni, na wauza mitumba wote wa pale walimjua. Hakujaribu shati. Hakulipima hata begani, kama wafanyavyo watu wenye haraka. Alichofanya ni kugeuza kola, kutazama lebo, na lebo ikisema M, basi, shati limepata mwenyewe.

"Mzee, hilo litakubana. Chukua hili, XL, kitambaa kilekile."

"Linibane mimi? Unanijua wewe?"

Chanzo chake kilikuwa hiki. Ujanani alifanya kazi ya ulinzi Dar es Salaam, na siku ya kugawa sare, bwana stoo alimtupia jicho akasema, "Wewe ni midiamu." Tangu siku hiyo Filbert aliishika herufi ile kama wengine wanavyoshika jina la ubatizo. Mwili ukaongezeka, tumbo likatangulia, shingo ikazama mabegani. Herufi ikabaki palepale. Kwake yeye saizi haikuwa habari ya mwili, ilikuwa habari ya cheo. Mashati makubwa, alisema, ni ya wapishi na ya watu wanaolala mchana.

Na huyu asiyejua upana wa tumbo lake mwenyewe ndiye aliyekuja, matanga hayajapoa, kumwonyesha Mektrida mipaka ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, ambacho Mektrida alikipalilia kwa miaka thelathini. Alisimama katikati ya migomba, vifungo vinalia, akanyoosha kidole: huku ni kwako, kule ni kwa ukoo. Mektrida alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kukata majani ya ng'ombe mahali palepale alipokuwa ameoneshwa kuwa si kwake.

Dharau ni dhambi, alilijua hilo. Aliipeleka kwenye kitubio, na Padre akampa makumi mawili ya rozari. Aliyasali yote kwa utulivu bila kuruka hata Salamu Maria moja, na alipotoka tu kanisani akamwona Filbert akikata kona ndani ya sweta ambalo bila shaka lilikuwa la mjukuu wake, na dhambi ikarudi nzima nzima, kama mbuzi anayelijua zizi.

Lakini kumdharau mtu ni jambo moja, na kumhitaji mtu unayemdharau ni jambo jingine.

Digna, binti yake wa pekee, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa Moshi mjini, na alikuwa amepata mchumba. Kijana mwenyewe aliitwa Given, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari kule tambarare. Alikuwa kijana wa kanisani, msikilizaji, tena aliyekuja mara ya kwanza akaona bomba la maji limelegea, akalikaza kabla hajaambiwa karibu. Wazazi wake asili yao Singida. Baba yake, Elifuraha, alikuwa ametumikia miwa maisha yake yote, na sasa alikuwa amestaafu. Nyumba ya kampuni walitakiwa kuiacha mwezi ukiisha, kisha warudi kwao. Posa isipopokelewa kabla hawajaondoka, ni nani angejua lini wazee wale wangepanda tena basi kuja kupigwa vumbi hapa?

Na katika ukoo wa kina Martin posa haipokelewi kwa maneno. Maneno kila mtu anayo. Upande wa mvulana huleta shati jipya la baba wa msichana. Baba hulivaa palepale ndani, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kisha hutoka nalo nje, wanawake waliokaa uani wakamwona, wakapiga vigelegele. Akishavuka kizingiti nalo mwilini, binti ameposwa, na hakuna wa kurudisha nyuma. Asipolitaka, hulivua, hulikunja kama lilivyokuja, hulirudisha kapuni, na wageni hubeba mbege yao, pombe ya ndizi, wakaondoka. Baba akiwa marehemu, mdogo wake husimama mahali pake. Mdogo wake Martin alikuwa mmoja tu.

Filbert alilijua hilo vizuri kuliko alivyojua Baba Yetu. Mara ya kwanza aliwaahirisha wageni kwa sababu ya mvua za masika. Mara ya pili kwa sababu aliota ndoto mbaya, ambayo hakuisimulia. Mara ya tatu mshenga alikuja kwake na futi ya fundi shingoni. Mshenga huyu alikuwa Leonce, mtu wa hapahapa mlimani, mpole, aliyewahi kufanya kazi na Elifuraha.

"Shikamoo mzee. Nimetumwa nichukue vipimo vya shati."

"Unipime mimi?" Filbert alirudi nyuma hatua nzima. "Kwani nimekufa? Anayenyooshwa mikono akapimwa ni wa jeneza!"

"Basi nitajie tu saizi yako, mzee. Wao hawataki la dukani, wanataka kukushonea."

Filbert aliingia ndani. Alikaa huko muda mrefu, na Leonce akasikia sanduku likifunguliwa na mtu akihema. Kisha akatoka na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti.

"Mpe fundi hili. Akate hivihivi, asipunguze wala asiongeze. Na mwambie ashone vizuri, mimi si mtu wa miwa."

Leonce alimsimulia Mektrida yote hayo akinywa uji jikoni kwake, na Mektrida alishukuru kwa dhati. Kama ametoa shati lake mwenyewe, alijisemea, basi limekwisha. Hata mpumbavu ana shati moja linalomwenea.

Siku ya Jumamosi wageni walifika. Mbege ilitangulia, kisha kreti za soda, kisha wenyewe: Elifuraha, mzee mwembamba mwenye mikono mikubwa iliyopasuka, Mama Given, amebeba kapu kichwani bila kulishika, na Leonce nyuma yao. Given mwenyewe alibaki barabarani kama desturi inavyotaka, akijifanya anarekebisha pikipiki ambayo haikuwa na tatizo. Uani wanawake wa jumuiya walikuwa wamezunguka sufuria za machalari, ndizi za kupikwa na nyama, Agness akiwa amejiweka karibu na dirisha kuliko mtu yeyote.

Ndani, Filbert alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti cha Martin. Koti lake lilikuwa limemkaba makwapani hata mikono ikasimama mbali kidogo na mwili, kama ya mtu anayebeba ndoo mbili. Kando yake alikaa Meku Basili, baba mdogo wa Martin na Filbert, mzee wa miaka mingi aliyekuwa akisinzia jicho moja kwa wakati mmoja. Mektrida alikaa kigodani karibu na mlango wa chumbani, na Digna nyuma ya pazia, maana msichana hapaswi kuonekana mpaka aitwe. Mektrida aliziona ncha za vidole vya miguu ya mwanawe chini ya pazia. Vilikuwa vimejikunja.

"Karibuni," Filbert alisema, bila kuinuka. "Nimesikia ninyi kwenu ni Singida. Huko mnakula nini? Mlenda?"

"Mlenda, mzee," Elifuraha akajibu kwa upole. "Mtelezo wake unapita wenyewe, haumbani mtu."

Dirishani palisikika mtu akikohoa. Meku Basili alifumbua jicho la pili.

"Na miwa," Filbert akaendelea. "Mtu anakata miwa maisha yake yote, anapanda mlimani kuomba binti wa watu wenye kahawa."

"Kahawa yenyewe, mzee, naona inanywewa na sukari," alisema Elifuraha.

"Baba mdogo," Meku Basili akasema, akimwita Filbert kwa cheo cha siku ile, "wageni wamekuja na shati. Tulione shati."

Mama Given alipiga magoti, akatoa shati kapuni kwa mikono miwili. Lilikuwa la rangi ya anga la asubuhi, kitambaa kizito kisichojikunja, vifungo vimeshonwa kwa mshono wa msalaba. Wazee waliguna kwa kuridhika. Hata Filbert alisahau kidogo kudharau. Alivua koti kwa shida, akavua na shati alilokuja nalo, akabaki na fulana, akaingiza mkono wa kulia.

Mkono uliingia mpaka kiwiko ukasimama. Filbert akasukuma. Akaingiza wa kushoto, akasukuma. Akainua mabega, akajitikisa kama kuku anayeoga mavumbi, na hatimaye shati likapanda mgongoni, likakaa pale limenyooka kama ngozi ya ngoma. Mikono yake minene ilijaa ndani ya mikono ya shati kama viazi ndani ya soksi, na huku chini, kwenye viganja, kitambaa kilizidi mpaka kikafunika vidole. Upande wa mbele, nusu ya kulia na nusu ya kushoto zilitazamana kwa mbali kama majirani waliogombana mpaka.



Mektrida hakucheka. Alikuwa akitazama kitu kingine. Mkono mrefu vile. Bega jembamba vile, limeshuka kidogo upande wa kushoto. Kiuno kile. Shati halikuwa limeshonwa vibaya hata kidogo. Lilikuwa limeshonwa vizuri mno kwa mtu mwingine, na mtu huyo alimjua, alikuwa amemfulia, amempigia pasi, amemvika mara ya mwisho kwa mikono yake. Aliishika rozari ndani ya mfuko wa kitenge.

"Hii," alisema Filbert, na sauti ilitoka kwa shida kwa sababu kifua hakikuwa na nafasi, "hii ni dharau."

"Mzee..." Elifuraha alianza.

"Ni dharau! Mmenishonea shati la mtoto wa kipaimara! Mnataka nitoke nje nichekwe! Sipokei. Mtarudi kwenu huko kwenye miwa, mtashona jingine, na mtakuja nalo pamoja na mbuzi, beberu, wa kuniosha macho. Msimu ujao."

Chini ya pazia vidole vya miguu viliondoka.

"Msimu ujao sisi hatupo hapa, mzee," alisema Elifuraha. Mikono yake mikubwa ilikuwa inatafutana. "Lakini kama tumekosa, tumekosa. Sisi ni wageni, hatujui yote. Niambie namna ya kuomba radhi kwenu, nami nitaomba."

Leonce, kwa sababu alikuwa mtu mwema na mtu mwema huharibu mambo kwa haraka, alikuwa amekwisha kutoka. Alirudi na jani la sale alilolikata kwenye ua, jani refu la kijani, akamwekea Elifuraha kati ya viganja na kumnong'oneza namna ya kulitoa. Mlimani jani hilo likiletwa, aliyekosewa hana budi kusamehe. Na anayelileta amekiri kosa mbele ya walio hai na waliolala. Elifuraha alilishika kwa heshima, akaanza kupiga goti, mzee mzima, goti lake likilia.

Filbert alilisogeza tumbo lake mbele kulipokea.

Hapo ndipo Mama Given alipotia tena mkono kapuni. "Samahani, baba. Mimi sitaki kubishana. Ila fundi aliambiwa akate hivihivi, asipunguze wala asiongeze, naye alikata hivyo. Lile la kupimia tumekuja nalo. Ni lako, hatukutaka kubaki na kitu cha watu."

"Liache hukohuko!" Filbert alisema.

Lakini lilikuwa limekwisha kukunjuliwa. Shati la kahawia, la zamani, limefuliwa na kupigwa pasi. Kola yake ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa ukawekwa chini, ikashonwa tena kwa uzi mweusi kwa sababu siku ile uzi wa kahawia ulikuwa umekwisha. Mektrida alikumbuka taa aliyoiwasha usiku ule akiishona.

Siku ya kugawa nguo za marehemu, Meku Basili alikuwa bado kwenye sala, hajafika Amina, Filbert alipoinama akaliokota shati lile juu ya mkeka. Lilikuwa zuri kuliko yote. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwona amelivaa hata mara moja, na Mektrida alidhani ameliuza. Kumbe alilifungia sandukuni. Mtu aliombwa shati linalomwenea, akatafuta katika mashati yake yote aliyonayo, akayaona aibu, akatoa la maiti.

Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Hasira humpa mtu heshima kidogo. Alichokisikia ni kile anachokisikia mtu anayeinua jiwe akamwona funza.

"Leonce," alisema, "mwondolee mgeni hilo jani. Karudishe kwenye ua."

"Mama Digna?"

"Karudishe. Baba, inuka, tafadhali. Sale haliombwi na asiyekosa."

"Shemeji, kaa chini!" Filbert alifoka. "Haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Nimekaa, shemeji. Sijainuka." Na kweli alikuwa amekaa. "Nauliza tu. Hilo shati la kahawia ni la nani?"

"Ni langu."

"Kabla halijawa lako?"

Filbert alitazama dari. Meku Basili aliinyoosha fimbo yake, akalivuta shati la kahawia karibu, akaitazama kola, kisha akamtazama Filbert kwa macho yote mawili.

"Hilo ni la Martin," alisema.

"Mimi na Martin tulikuwa mwili mmoja!" Filbert alisema. "Watu wote wanajua! Tulikuwa tunabadilishana mashati!"

"Mlipokuwa darasa la nne," alisema Meku Basili.

Dirishani sasa hapakuwa na kukohoa. Palikuwa na kicheko kilichofunikwa kwa kitenge na kikashindwa kufunikika. "Wazee walisema," sauti ya Agness ilisikika, "nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Nani huyo?"

"Ni mimi, shemeji, nakoroga machalari tu."

Elifuraha alikuwa amekaa tena, na sasa alimtazama yule mtu ambaye yeye mwenyewe nusura ampigie goti. Alikung'uta tu vumbi gotini, polepole, na kukung'uta kule kulikuwa na maneno mengi.

"Basi!" Filbert alisema. "Basi, sipokei. Langu si langu, sipokei. Lirudi kapuni, tuone kama mtaozesha binti bila baba."

Mektrida aliona mkono wa mwanawe ukishika ukingo wa pazia, na akajua kwamba hii ndiyo silaha ya mwisho ya shemeji yake. Shati likirudi kapuni, yote yamerudi, hata kama kila mtu chumbani anajua aliyedanganya.

"Ni haki yako," Meku Basili alisema. "Hata mjinga ana haki yake. Lirudi kama lilivyokuja. Zima. Livue, likunje, umpe mama wa watu."

Filbert akashika kola, akavuta. Shati halikusogea. Akajaribu kutoa mkono wa kulia kwa kuuvuta ncha kwa mkono wa kushoto, lakini vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimezikwa ndani ya kitambaa. Akapeleka mikono nyuma, ikaenda, haikurudi. Alisimama hivyo, kifua wazi, mikono mgongoni, tumbo mbele, kama jogoo aliyefungwa tayari kupelekwa sokoni. Alijipinda. Mahali fulani kwapani mshono ulisema kra.

"Taratibu," Meku Basili alimwonya. "Likichanika haliwezi kurudi, litakuwa lako."

Filbert alisimama tuli. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni, na hakuwa na mkono wa kulifutia. Alimtazama Leonce, Leonce alikuwa bado ameshika jani la sale, akalitazama kana kwamba hajawahi kuona jani. Alimtazama Meku Basili. Mzee alikuwa amerudi kwenye usingizi wa jicho moja. Wanaume hawa hawakuwa wakatili. Walikuwa wanangoja tu waombwe.

Mwishowe akamtazama Mektrida. Macho yake yalikuwa yale yale yaliyowahi kumwonyesha mipaka kwenye migomba.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini. "Nivute huku mkono."

Mektrida aliisikia rozari ikimkwaruza vidole. Wavikeni walio uchi, imeandikwa. Haijaandikwa wavueni waliojibana. Hata hivyo alijua kwamba wema ulimtaka ainuke, na akajua vilevile kwamba akiinuka akamvua mtu huyu, atakuwa amemvua Digna mume wake kwa mikono yake mwenyewe. Alibaki kigodani.

"Nitakuvuta, shemeji," alisema. "Nitakuvua taratibu, hata uzi mmoja hautakatika. Lakini kwanza sema. Sema mbele ya wageni: shati halinienei kwa sababu nilitoa kipimo cha marehemu. Wao hawakukosa. Nipimwe mwili wangu nilio nao, nishonewe la kwangu, na posa iendelee. Ni maneno machache. Given yuko hapo barabarani na pikipiki ya kumfikia fundi, futi iko kwa Leonce. Kesho jioni una shati linalofunga mpaka shingoni."

"Nipimwe?"

"Upimwe."

"Mbele ya hawa?"

"Mbele ya hawa uliowaita watu wa miwa. Hawatacheka. Mimi nawatazama tangu asubuhi, hawana tabia hiyo."

Mama Given aliinamisha kichwa. Alisema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kicheko, "Baba yangu pia alinenepa uzeeni. Tulimshonea kubwa, akapendeza."

Filbert alifungua mdomo. Ilionekana kama maneno yanapanda, na Mektrida, ambaye hakutegemea kitu, alijikuta ameinuka nusu kigodani, mkono mmoja mbele, tayari kuvuta. Kwa kitambo kidogo angeweza hata kumhurumia. Mtu kusema tu: mimi ni mnene, shati hili ni la kaka yangu, kaka yangu amekufa. Mtoto wa ekaristi ya kwanza angeweza kulisema.

Mdomo ukafungwa. Filbert aliutazama mlango, na watu wote mle ndani wakaona anautazama, na wote wakajua mlango ule ni nini siku ile. Meku Basili alifumbua macho. Digna alikuwa ametoka nyuma ya pazia bila kuitwa, amesimama, mkono mdomoni.

Hakuna aliyemkumbusha desturi. Alikuwa anaijua. Alipima tu aibu mbili, ile ya kupimwa na ile ya kushindwa, akachagua kwa namna ileile aliyochagua mashati yake, bila kujaribu.

Akageuka ubavu ili apite, mikono bado mgongoni, shati la bluu limemnata, akavuka kizingiti. Uani Agness alikuwa wa kwanza kumwona, na hakungoja. Alipiga kigelegele kirefu, na wenzake, waliokuwa wamengoja tangu asubuhi mwiko mkononi, wakakipokea, kikaenda mpaka ng'ambo ya mfereji, na kule barabarani pikipiki isiyo na tatizo ikawaka. Filbert akapita katikati yao, akatokomea kwenye migomba.